Mgongo wa Baba: Pirsig na Barabara ya Pwani

Tangu kitoke mwaka 1974, baada ya kukataliwa na wachapishaji 121, kitabu cha Mmarekani Robert M. Pirsig, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, aghalabu kimesomwa kama kitabu cha falsafa chenye pikipiki ndani yake. Wasomaji hukumbuka mabishano ya mwandishi na Plato na Aristotle, kisha huzipita haraka kurasa za mwisho, pale safari inapofika pwani ya California. Makala haya yanashikilia kwamba kurasa hizo ndizo kiini cha kazi nzima. Msomaji wa mashairi, aliyezoea kuupima utungo kwa tamati yake, ana nafasi njema ya kuliona hilo.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Mwaka 1968, katika msimu wa joto, baba anaondoka Minneapolis kwa pikipiki aina ya Honda, amempakia nyuma mwanawe Chris, mwenye umri wa miaka 11. Hadi Montana wanafuatana na mtu na mkewe waliopanda BMW. Baada ya hapo wamebaki wawili. Njiani msimulizi anamhutubia msomaji kwa hotuba ndefu anazoziita Chautauqua, jina la mihadhara iliyokuwa ikitembezwa zamani katika miji ya Marekani. Sambamba na hotuba hizo anajitokeza mtu wa tatu, Phaedrus, ambaye ndiye nafsi ya msimulizi ya zamani: mwalimu wa uandishi aliyeshikwa na swali moja tu, ubora ni nini, hata akili ikamruka, na hospitalini akatibiwa kwa umeme uliomfutia kumbukumbu zake.

Uwezo wa Pirsig unaonekana zaidi anaposhika kitu cha mkononi. Usukani wa BMW ya rafiki yake umelegea. Msimulizi anapendekeza kukata kipande cha bati la kopo la bia na kukipachika penye ulegevu, kwa kuwa bati hilo ni laini, jembamba, wala halishiki kutu. Rafiki anachukia: vipi pikipiki ya fahari itengenezwe kwa kopo la bia? Mmoja ameona bati, mwenziwe ameona takataka. Katika tukio hilo dogo limo takriban lote linaloelezwa baadaye kwa kurasa nyingi, na mjadala wenyewe haulifikii kwa uwazi.

Neno analolihangaikia Pirsig lingempa kazi mfasiri wa Kiswahili. "Ubora" lingetosha, lakini lina harufu ya duka na ya karani wa ukaguzi. Pengine lingefaa zaidi "uzuri". Twasema mtu mzuri, uso mzuri, kazi nzuri, wala hatusiti kuuliza kama tunasifu umbo, tabia au ufundi. Phaedrus alihangaika hata akapotea akitaka kuunganisha tena yaliyotenganishwa na wanafalsafa wa Kiyunani. Kivumishi chetu kimoja kimeyachukua yote pamoja. Hilo halitufanyi kuwa na hekima kumshinda, ila linaonyesha kwamba jeraha analolitibu si la kila lugha.

Kasoro kubwa ya kitabu iko kwenye hotuba zake, nayo haitokani na urefu wake. Zinamhusu kila mtu isipokuwa mtoto aliyekaa nyuma. Chris analalamika tumbo linamuuma, naye baba anajua kwamba madaktari wamesema huenda ni dalili za mwanzo za maradhi ya akili. Chris analia usiku, ananuna mchana, anauliza, anajibiwa kwa mkato. Kisha baba anamgeukia msomaji na kuendelea na mantiki. Sisi tuliolelewa na Utendi wa Mwana Kupona hatuwezi kukosa kuliona pengo hilo. Mama yule, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake akae karibu ndipo akamuusia. Pirsig anawausia watu asiowajua, na mwanawe anasafiri nyuma ya mgongo wake.

Ndipo inapofika barabara ya pwani. Mjini Leggett, baba na mwana wanawatupia bata chakula katika bwawa la watalii. Hapo ndipo inapoanzia Barabara Nambari 1 ya California, nao wanaifuata ikipita milimani kwa kona baada ya kona hadi baharini. Anayetarajia sifa za mandhari hatazipata. Kuna baridi na ukungu. Hotuba imekwisha, hakuna tena nadharia ya kujifichia. Juu ya genge la bahari baba anamwambia mwanawe kwamba atamrejesha nyumbani kwa basi, na kwamba anahofia wazimu unamrudia. Mtoto anaanguka chini akilia na kujitikisa. Kisha anauliza alichokibeba njia nzima: kwa nini ulituacha, na kwa nini siku ile hospitalini hukuufungua mlango wa kioo? Anauliza pia kama kweli baba alikuwa mwendawazimu. Jibu ni neno moja la kukanusha, na mtoto anasema alijua.

Baada ya hapo wanavua kofia zao ngumu. Chris anasimama juu ya vikanyagio, na kwa mara ya kwanza anaiona njia juu ya mabega ya baba yake. Safari yote, anasema, alikuwa akiutazama mgongo tu. Sentensi hiyo ya mtoto inakihukumu kitabu kizima, na ni sifa ya Pirsig kwamba aliiandika.

Kwa mtu wa kisiwani bahari ni njia, na safari huanzia ufukweni. Kwa Pirsig, mtu wa bara, bahari ni ukomo: barabara haiwezi kuendelea kwenda magharibi, na mtu analazimika kugeuka amtazame aliye nyuma yake. Labda ndiyo sababu mazungumzo haya yasingewezekana kule kwenye nyanda za Dakota, ambako daima palikuwa na maili nyingine mbele.

Mwaka 1979 Chris aliuawa mjini San Francisco, akiwa na umri wa miaka 22. Baba yake aliandika neno la baadaye lililoongezwa kwenye matoleo yaliyofuata, akiuliza mwanawe amekwenda wapi. Pirsig mwenyewe alifariki mwaka 2017. Atakayekisoma kitabu leo anaisoma safari akijua mwisho wa abiria wake, na kila mara baba anapokatiza swali la mtoto ili arudi kwenye hotuba yake, msomaji hutamani kumgusa bega amwambie asimamishe pikipiki.