Deni la Maneno na Asili ya Lugha: Kiswahili mbele ya Mfano wa Asia ya Mashariki

Mjadala wa asili ya Kiswahili umekwisha miongoni mwa wanaisimu, lakini haujaisha madarasani. Kazi ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch ya mwaka 1993 iliweka wazi nafasi ya lugha hii katika kundi la Kisabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Hata hivyo, majibu ya mitihani na baadhi ya tasnifu tunazozisahihisha yanaendelea kuupima ukweli huo kwa mizani ya zamani, yaani orodha ya maneno. Anayedai kuwa Kiswahili ni Kiarabu huhesabu kitabu, sahani na dunia. Anayempinga huhesabu mtu, maji na moto. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinatumia kipimo kibovu. Ubovu huo huonekana upesi tukitazama mahali ambapo deni la maneno ni kubwa kuliko letu, yaani Japani, Korea na Vietnam za kabla ya enzi ya kisasa.

Jamii hizo zilichota kwa China maandishi, mafunzo ya Confucius, dini ya Buddha iliyopitia huko kutoka India, taratibu za utawala na msamiati mpana. Katika kamusi za Kijapani na za Kikorea, maneno yenye asili ya Kichina huhesabiwa kuwa nusu au zaidi. Hakuna mwanaisimu makini anayesema kwa sababu hiyo kwamba Kijapani ni lahaja ya Kichina. Kitenzi chake hukaa mwishoni mwa sentensi na hubeba viambishi ambavyo Kichina hakina. Kivietinamu ni mfano mgumu zaidi: kina toni, maneno yake mengi ni ya silabi moja, na nchi yenyewe ilikuwa chini ya watawala wa China kwa takribani miaka elfu moja, hadi mwaka 938. Pamoja na yote hayo, msamiati wake wa msingi unakiweka katika familia moja na Kikhmeri cha Kambodia.

Tuanze karibu na nyumbani, kwa majina ya mahali. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid alijenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima, na jina la Kiarabu likalifunika lile la Kibantu. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1868, Edo ulibadilishwa jina ukaitwa Tokyo, jina lililoundwa kwa mofimu mbili za Kichina zenye maana ya mji mkuu wa mashariki. Sijapata kusikia mtu akitumia jina la Tokyo kuthibitisha kwamba wakazi wake ni Wachina. Jina la Dar es Salaam limetumiwa mara nyingi kuthibitisha jambo la aina hiyo. Anayetembea kutoka Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo hupita katika ramani nzima ya ukopaji: Gerezani, neno linalorejeshwa kwenye jina la Kireno la kanisa na kuvikwa kiambishi chetu cha mahali, kisha Kariakoo yenyewe, ambayo ni Carrier Corps ya Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza iliyofungwa kwa irabu na kupewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sarufi imeyapokea majina hayo kwa masharti yake.

Hesabu inaonyesha zaidi. Mfanyabiashara wa Kichina katika Mtaa wa Kongo hujifunza kwanza tarakimu zetu, na bila kujua hujifunza tabaka mbili za historia: moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu, sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu ni za Kiarabu, laki imetoka India. Tandatu na kenda zimerudi nyuma, na mfungate amebaki kwa maharusi wanaokwenda fungate. Kikorea kimefanya jambo lilelile. Kina tarakimu za asili hadi tisini na tisa, lakini kuanzia mia hutumia za Kichina, na maneno ya kale ya mia na elfu yamepotea. Katika lugha zote mbili neno geni limeingia pale hesabu ilipokuwa ya soko, ya kodi na ya daftari. Nikiongeza jambo dogo, bidhaa peke yake haileti maneno. Vyombo vya kaure vya China vilifika Kilwa karne nyingi zilizopita, na leo maduka ya Kariakoo yamejaa bidhaa kutoka huko, lakini neno la Kichina tulilolizoea zaidi ni chai, nalo lilitufikia kwa mkono wa watu wengine.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kwamba mkopaji huendelea kuumba. Wanazuoni wa Japani ya karne ya 19 walitumia mofimu za Kichina kuunda istilahi za falsafa na uchumi, na Wachina wenyewe wakazikopa. Nasi tunaita taaluma yetu isimu na somo la jirani fasihi. Kwa Mwarabu neno la kwanza ni jina tu, na la pili ni sifa ya msemaji fasaha. Maana tulizozipa ni zetu. Mwanafunzi anayeyaweka maneno haya katika safu ya “Kiarabu” amesema kweli kuhusu etimolojia na amekosea kuhusu historia.

Katika ushairi ulinganisho unazidi kuwa na manufaa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulichukua kisa chake katika masimulizi ya Kiarabu ya vita vya Mtume. Truyện Kiều ya Nguyễn Du, aliyefariki mwaka 1820, ilichukua kisa katika riwaya ya Kichina. Tofauti ya kisa na umbo ndiyo inayotuhusu: Nguyễn Du aliikataa nathari ya asili, akaimimina hadithi katika mistari 3,254 ya bahari ya lục bát, ambayo ni ya Kivietinamu. Mtunzi wa Pate naye alitumia mizani nane na kina cha bahari kinachofunga beti zote, mpango ambao masimulizi ya asili hayakuwa nao. Uhakiki unaoishia kutaja chanzo cha kisa umeacha kazi yenyewe bila kusomwa. Nimeona tasnifu za aina hiyo zikipita.

Ulinganisho huu una mpaka, na ni uaminifu kuutaja. Japani haikutawaliwa na China. Ilikopa kwa hiari kubwa, kupitia vitabu na watawa. Pwani yetu ilijua utawala wa Oman, na biashara ya watumwa iliyonenepa katika karne ya 19 ndiyo inayofanya neno la Kiarabu lisikike kwa wengine kama kovu. Naelewa kwa nini mwalimu wa Bara hupenda kuipunguza orodha. Lakini jeraha la historia halitibiwi kwa kuficha etimolojia, na Wavietinamu, waliopigana na dola za China mara kwa mara, hawakuona haja ya kumkana Nguyễn Du.

Wao, hata hivyo, walipoteza jambo ambalo nasi tumelipoteza. Maandishi ya Kilatini ya wamisionari, yaliyotumiwa katika kamusi ya Alexandre de Rhodes ya mwaka 1651, yalikuja kushinda katika karne ya 20, na leo Mvietinamu msomi hawezi kuisoma Truyện Kiều katika hati aliyoiandikia mtunzi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambayo J. W. T. Allen aliiorodhesha katika katalogi ya mwaka 1970. Niliwahi kuwawekea wanafunzi wa uzamili nakala ya ukurasa mmoja wa utenzi. Wote walisema ni Kiarabu, wakanirudishia. Mmoja tu, aliyesoma madrasa Kariakoo utotoni, aliushika tena, akaanza kuzikokotoa herufi kwa sauti, akasita kwenye alama ya p, kisha akaendelea. Kufikia mstari wa tatu wenzake walikuwa wakimalizia maneno kabla yake.