Bwana Msa aliazima nini?

Tumezoea kuambiwa kwamba Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Si uongo, kiko chake peke yake ni ushahidi tosha. Ila wengi huishia hapo, na uchambuzi ndipo unapoanzia: Abdulla alichukua nini hasa alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58 na kuchapishwa 1960?

Kwanza, alichukua jozi. Mpelelezi hodari akiwa peke yake humtia mwandishi taabuni: akinyamaza, msomaji hapati kitu, akifunguliwa mawazo yake, siri inatoka mapema. Dawa ni rafiki wa pembeni. Rafiki huyo, Najum, huyaona anayoyaona Bwana Msa, huyafasiri kombo, kisha huuliza lile swali lililokwisha kumfika msomaji mdomoni. Ndiyo kazi ya Watson kwa Holmes. Na Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, naye hakuibuni: Edgar Allan Poe alikwisha kumpa mpelelezi wake Dupin rafiki wa aina hiyo mwaka 1841. Doyle aliazima, halafu katika A Study in Scarlet ya 1887 akamwachia Holmes ambeze Dupin. Shukrani ya punda!

Pili, kuna imani ya kale inayofunika jinai ya leo. Katika The Hound of the Baskervilles (1902), watu wanaogopa mbwa wa laana huku binadamu akiwinda urithi. Kwa Abdulla, mauti yanakutwa mzimuni, na wepesi wa kuwasingizia wahenga unampa mhalifu nafasi. Hata undugu uliofichwa umo katika kitabu cha Doyle. Holmes anaugundua kwa kutazama picha ya babu ukutani.

Hapo ndipo mwanafunzi alipoachana na mwalimu wake. Kile ambacho kwa Doyle ni fundo la kitabu kimoja, Abdulla alikifanya injini ya riwaya zake: nani mtoto wa nani, nani alimuoa nani, nani anarithi. Habari hizo huku kwetu hazitundikwi ukutani. Zimo vinywani mwa watu, na hazitoki bila salamu, utani na subira. Kwa hiyo mazungumzo, ambayo wengi huyaona mapambo ya Kiunguja kitamu, ndiyo maabara ya Bwana Msa. Ukiyafupisha, upelelezi wenyewe unakufa.

Kiko, kwa maoni yangu, ndicho pekee kilichobaki kama lebo ya dukani. Hakifumbui fumbo lolote ambalo Najum na maswali yake wasingelifumbua.

Unayeandika riwaya ya upelelezi leo, soma Doyle na Abdulla kwa kufuatana, penseli mkononi, na upige mstari kila Najum anapouliza swali.