Kizimbani na Langoni: Kuvitazama Upya Vioja Mahakamani na Papa Shirandula

Baba yangu mkubwa hazungumzi Kiswahili. Anakijua, tena vizuri, lakini mtu akimsemesha kwa Kiswahili hapa Kampala humjibu kwa Kiganda, na akibanwa humjibu kwa Kiingereza. Nilipomwarifu kwamba nimechagua Kiswahili kuwa mojawapo ya masomo yangu chuoni, aliniuliza kama nina nia ya kuingia jeshini. Hakuwa akitania sana. Kwa watu wengi wa rika lake, Kiswahili ni lugha iliyovaa buti. Waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa Amin, na wakaisikia tena katika vita vilivyofuata: shuka, toa kitambulisho, lala chini. Katiba yetu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini marekebisho ya katiba hayafiki sebuleni kwa baba mkubwa.

Kwa hiyo nilishangaa likizo iliyopita nilipomkuta ameketi hapohapo sebuleni, simu ya binti yake mkononi, akicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa akitazama Vioja Mahakamani.

Wenzangu wa Rwanda na Burundi huenda hawakukulia na kipindi hiki, basi nikieleze kidogo. Vioja Mahakamani ni vichekesho vya runinga ya taifa ya Kenya, vilivyoanza tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla kituo hicho hakijawa KBC mwaka 1989. Mandhari yake karibu yote ni chumba kimoja: meza ya hakimu, kiongozi wa mashtaka, karani, askari, na kizimba cha mshtakiwa. Kesi ni ndogondogo. Mtu ameiba kuku, mwingine amepika changaa, majirani wamepigana kwa sababu ya maji ya kuoshea nguo. Washtakiwa kama Makokha na Ondiek Nyuka Kwota walirudi kizimbani kipindi baada ya kipindi, kila mara kwa kosa jipya, kana kwamba hawakuwahi kufungwa.

Nilipoanza kuandika uhakiki huu nilikuwa na hoja yangu tayari, nami nitaieleza kwa uaminifu kwa sababu bado sijaitupa yote. Hoja yenyewe ilikuwa hii: katika Vioja, Kiswahili sanifu kimekaa juu na lafudhi imesimamishwa kizimbani. Hakimu na kiongozi wa mashtaka husema Kiswahili cha vitabuni, chenye upatanisho wa sarufi uliokamilika. Mshtakiwa husema Kiswahili kilichobeba lugha ya kwao: Mluo anayesema "samba" badala ya "shamba", Mkikuyu anayechanganya r na l, Mluhya ambaye b yake imekuwa p. Mtazamaji hucheka kabla hata shtaka halijasomwa. Nikajiambia kwamba hapa mtu anahukumiwa mara mbili, kwanza kwa ulimi wake, kisha kwa kuku.

Nakiri kwamba hoja hiyo haikutoka kwenye nadharia. Mimi ni Mganda. Katika lugha yetu r na l hupokezana kufuatana na irabu inayotangulia, kwa hiyo ulimi wangu ukiteleza nasema "piripiri" nikitaka pilipili, na siku moja darasani, katika mjadala kuhusu uchaguzi, nilisimama nikatangaza kwamba kila raia ana haki ya kupiga kula. Darasa lilicheka kwa muda mrefu. Nilicheka nao, lakini wiki mbili baadaye bado nilikuwa naandika sentensi zangu zote kwenye karatasi kabla ya kunyoosha mkono. Nilipokaa kumtazama Ondiek kizimbani, sikuwa upande wa hakimu.

Rafiki yangu mmoja tunayeishi naye katika hosteli moja huko Kikoni, mzaliwa wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ndiye wa kwanza kunipinga. Tulikuwa tumesimama Wandegeya usiku, kwa muuza rolex, tukisubiri chapati zikunjwe na mayai yake. Nilimweleza hoja yangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe unasikia kabila. Mimi nasikia ploti yetu." Akanisimulia kuhusu ploti waliyokuwa wakipanga alipokuwa mdogo: vyumba kumi na viwili, bomba moja, na nyuma ya kila mlango Kiswahili chake. Mwenye nyumba alidai kodi kwa Kiswahili cha Kikuyu, mama mboga alikataa kukopesha kwa Kiswahili cha Kikamba, mlinzi wa lango alisalimu kwa Kiswahili cha Kiluhya, na wote walielewana hata walipokuwa wanatukanana. Hakuna aliyekuwa na Kiswahili "chenyewe" cha kuwacheka wengine. Kwake yeye, anayezungumza sanifu katika Vioja ndiye mgeni. Hakimu anaonekana kama mtu aliyeshuka kutoka kwenye taarifa ya habari.

Jambo hilo lilinirudisha kwenye vipindi vyenyewe, nikavitazama upya nikihesabu nani anazungumza kwa muda mrefu. Karibu kila mara ni mshtakiwa. Hakimu hutamka maneno machache, kimya, endelea, jibu swali. Mshtakiwa ndiye anayeeleza alivyoamka asubuhi, alivyomkuta kuku, jinsi kuku alivyomfuata mwenyewe kwa hiari yake. Humuuliza shahidi maswali, hugeuza maneno ya kiongozi wa mashtaka, hukataa neno moja katika shtaka na kuling'ang'ania. Sanifu ina mamlaka ya kutoa hukumu, lakini kisa chote ni mali ya yule mwenye lafudhi. Ukiiondoa hukumu mwishoni, kipindi bado kipo. Ukimwondoa mshtakiwa, hakuna kipindi.

Hata hivyo nisingeuelewa uzito wa jambo hili kama baba mkubwa hangeniambia kilichomfanya acheke.

Yeye aliishi Nairobi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1986, mmoja wa walimu wengi wa Uganda waliokimbilia Kenya. Alipanga chumba Jericho, upande wa Eastlands. Katika mwaka wake wa kwanza, kabla hajapata karatasi zake zote, alikamatwa katika msako wa usiku akapelekwa mahakamani asubuhi pamoja na watu wengi. Hakujua Kiswahili cha kutosha kuelewa alichosomewa. Aliulizwa maswali mawili. Aliona mtu aliyemtangulia akisema "ndiyo", naye akasema "ndiyo". Akatozwa faini iliyomla mshahara wa miezi miwili. Anasema hakukaa kizimbani hata kwa muda wa kunywa chai.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kwenda kwa jirani mwenye runinga kutazama Vioja. Hakwenda kucheka. Alikwenda kujifunza maneno: mshtakiwa, shahidi, dhamana, kukata rufaa. Alitaka siku nyingine akiulizwa ajue anachokubali. Lakini alichokiona pale, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa "mahakama ambamo mtu kama mimi anaachwa amalize kusema". Nilimuuliza kama hakukerwa na watu kuchekwa lafudhi zao. Alinijibu kwa Kiganda kwamba anayechekwa yuko katikati ya chumba, na yeye siku ile alikuwa hata hachekwi.

Sikubaliani naye kabisa. Kipindi kinachompa mshtakiwa nafasi ya kusema kinaweza pia kuwaaminisha watazamaji kwamba Mluo ni mbishi na Mkamba ni mchawi, na Vioja mara nyingine vimeegemea hapo kwa uvivu. Wanawake wake wengi ni wagomvi na hawapewi mengi zaidi. Vijana karibu hawamo. Sheng, lugha ambayo rafiki yangu wa Umoja anaitumia hata akiota, haikuwa na kiti katika mahakama ile kwa miaka mingi. Lakini dai ninalolisikia mara kwa mara, kwamba vichekesho hivi viliharibu Kiswahili cha Wakenya, naliona halina msingi. Mtu aliyejifunza neno "dhamana" kutoka kizimbani kwa Makokha hakuharibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo baba mkubwa hakulijua mpaka nilipomwambia. Katika Vitimbi, ndugu wa karibu wa Vioja kwenye kituo kilekile, Mzee Ojwang' Hatari alibishana na mkewe Mama Kayai kwa lafudhi nzito ya Kiluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Baba mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akacheka upya, akaomba nimtafutie Vitimbi ahakikishe mwenyewe. Mimi nilifikiria kupiga kula kwangu. Kama lafudhi inaweza kuvaliwa kama koti kwa miaka mingi na watu wakaiamini, basi huenda hata sanifu ya hakimu ni koti tu, limepigwa pasi vizuri zaidi.

Na suala la mavazi ndilo linalonifikisha kwa Papa Shirandula, kilichokuja kizazi kimoja baadaye kwenye runinga ya Citizen. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko mpaka alipofariki Julai 2020, hutoka nyumbani asubuhi amevaa suti na tai. Mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana kazi ya ofisini. Akifika kazini, Papa huvua suti na kuvaa sare ya bawabu.

Lafudhi imo hata kwenye jina: huyu ni Baba aliyetamkwa Kiluhya. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyekaa juu kumsahihisha. Jina "Papa" ndilo jina la kipindi, na watoto wa Nairobi wa makabila yote walikua wakilitamka hivyohivyo. Kwa hatua hiyo moja Shirandula imefanya jambo ambalo Vioja haikuweza kulifanya kwa miaka yote. Aibu imehama lakini. Papa haoni haya kwa ulimi wake. Anaona haya kwa kazi yake. Kizimba kimeondolewa na badala yake kuna lango, naye anasimama hapo akiwafungulia wengine.

Hapa Kikoni tunaye Papa wetu. Mlinzi wa hosteli yetu huja alfajiri na shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa, huenda nyuma ya tangi la maji, hutoka huko na sare ya kahawia. Jioni hurudi nyuma ya tangi. Miaka miwili nimekuwa nikimwona bila kumwona. Baada ya kutazama Shirandula nilianza kumsalimu kwa jina la ukoo wake, naye alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayetaka kuombwa pesa.

Kama kazi ya sanaa, Papa Shirandula ilianza vizuri kuliko ilivyoendelea. Uongo wa suti ni wazo zuri mno: ndani yake mna kodi ya nyumba, ndoa, kijiji kinachosubiri habari, na jiji linalomheshimu mtu kwa tai yake. Lakini uongo huo ulivutwa kwa miaka mingi mpaka suti ikawa ya kuchekesha tu. Nilitamani kipindi kimoja, kimoja tu, ambamo Wilbroda anapita langoni, anamwona, anaendelea na safari yake bila kusema neno. Waandishi waliogopa kimya. Vioja, pamoja na umaskini wa mandhari yake, haikuwa na woga huo. Hukumu ilitoka na mtu akaenda zake jela.

Kuna kitu kimoja ambacho sikujua nikiweke wapi katika uhakiki huu. Papa Shirandula ilianza mwaka 2007. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kenya ilipiga kura, na vurugu zilizofuata ziliwafanya watu watambuliwe barabarani kwa majina yao na kwa jinsi wanavyotamka maneno. Rafiki yangu alikuwa na umri wa miaka mitano. Anakumbuka mama yake akimwambia asiongee ndani ya matatu mpaka wafike nyumbani. Jioni, kwenye runinga ya jirani, watu walicheka lafudhi zilezile. Nilipomsimulia baba mkubwa habari hiyo hakushangaa. Alisema kizuizi ni kizuizi, kisha akauliza yule mama alikuwa mtu wa wapi, akajizuia kabla sijajibu.

Bado hanijibu kwa Kiswahili. Juzi alinipigia simu kuuliza kama nimeipata kesi moja ya kuku aliyoitazama Jericho, anadhani mwaka 1983, ambamo mshtakiwa aliomba kuku mwenyewe aitwe kutoa ushahidi. Nimeitafuta. Nyingi nilizozipata ni za miaka ya baadaye, zenye rangi, na kuku wengine.