Majina Yasiyochongwa: Mnara wa Askari na Deni la Washairi

Mnara wa Askari wa Dar es Salaam umetazamwa mara nyingi kama sanamu, na mara chache umesomwa kama maandishi. Macho ya mpita njia huishia kwa askari wa shaba aliyeelekeza singe upande wa bandari, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927. Chini yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yamo maneno machache yanayonasibishwa na Rudyard Kipling. Maneno hayo yanastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo shairi, kwani yaliandikwa ili yadumu.

Yanasema mambo mawili makubwa. La kwanza, wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. La pili, anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Istiara hiyo ya kwanza ni ya kweli kupita kiasi, na kasoro yake imo humo humo. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa chache, na mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa pande zote hukisiwa kufikia milioni moja. Upande wa Waingereza pekee, vifo vilivyohesabiwa vyapindukia 90,000, vingi vikitokana na kuhara damu, homa, na posho ambayo matumbo hayakuizoea. Lakini mguu hauna jina, wala mkono hauna. Mtungaji aliyekwisha kumfanya mtu kiungo cha mwili wa mwingine atamwahidije, papo hapo, ukumbusho wa jina?

Si haki kumdhihaki Kipling. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, mwezi Septemba 1915, na baba alifariki mwaka 1936 kaburi la mwanawe halijatambuliwa. Hata hivyo, jina la John lilichongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu huko Loos. Baba huyo aliijua thamani ya jina kuliko wengi. Uamuzi wa kuwaacha wapagazi bila majina haukuwa wake peke yake, bali kalamu yake iliupamba. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, au hawakuadhimishwa kabisa.

Ahadi hiyo na ipelekwe Kabasa, katika nchi ya Bunda, mkoani Mara, mbali na mnara kwa mamia ya kilomita. Vita viliizunguka nchi hiyo: Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza Julai 1916, na mwaka uliofuata kikosi cha Mjerumani Naumann kikafika ngome ya Ikoma, upande wa mashariki. Mjukuu wa huko atakayemtafuta babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ana jina mkononi, na hana kaburi. Daftari la jeshi lilikuwa na nambari, mara nyingine na jina lililosikika vibaya na kuandikwa vibaya zaidi. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia warithi wao. Wana, basi, hawakusahau. Waliosahau ni walioahidi.

Fasihi nayo ina hesabu yake. Katika riwaya ya Afterlives (2020), Abdulrazak Gurnah, mzawa wa Unguja, anamfanya kijana Ilyas afuate nyayo za mjomba wake askari hadi kwenye nyaraka za Ujerumani, na kuupata mwisho wake. Ni sehemu yenye uchungu mkubwa, na ustadi wake haukanushiki. Lakini utafutaji huo wawezekana kwa sababu mjomba aliacha karatasi. Wapagazi wa riwaya hiyo hiyo wanapita kama msafara, si kama watu mmoja mmoja. Hapo riwaya inafuata mpaka uliochorwa na makarani.

Utenzi waweza kuuvuka. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, alipousimulia uvamizi wa Wadachi katika Mrima, aliwataja watu kwa majina yao, na mizani haikuvunjika. Bahari ya utenzi ina nafasi ya orodha: baiti moja kwa mtu mmoja, na kina cha mwisho kinachowaunganisha wote. Hadi sasa kumbukumbu kubwa kuliko zote ya wapagazi ni neno moja tu, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na wengi hulitamka wakikusudia soko. Neno hilo halitoshi. Mshairi atakayekwenda Kabasa hatahitaji istiara mpya. Atahitaji kuuliza, kusikiliza, na kuandika majina kama yanavyotamkwa na wenyewe.