Ulimi na Vinamasi: Juu ya Filamu ya Ridicule

Filamu zinazoonyesha maisha ya wakuu wa Ufaransa ya kale ni nyingi, na nyingi katika hizo hutazamwa kwa ajili ya mavazi tu. Mtazamaji hushangazwa na nywele za bandia zilizonyunyizwa unga, na vinara vya dhahabu, na hariri iburutwayo sakafuni. Akisha kutoka hukumbuka hariri, hakumbuki neno hata moja. Ridicule, iliyotengenezwa na Patrice Leconte mwaka 1996, si ya namna hiyo. Hariri imo, lakini kitazamwacho hasa ni ulimi.

Mwaka ni 1783. Kijana mmoja mhandisi, mwungwana wa shamba asiye na mali, jina lake Ponceludon de Malavoy, anatoka Dombes, nchi ya vinamasi karibu na Lyon, ambako wakulima na watoto wao wanakufa kwa homa. Anayo michoro ya mifereji ya kuyaondoa maji, ila fedha hana. Anafunga safari kwenda Versailles kumwomba msaada Mfalme Louis wa 16. Huko daktari mzee, Marquis de Bellegarde, anampokea nyumbani kwake na kumfunulia siri ya mahali pale: mlango wa mfalme haufunguliwi kwa haja wala kwa haki, hufunguliwa kwa vijembe. Awachekeshaye wakuu katika sebule zao hupanda. Achekwaye huwa kama maiti atembeaye.

Mimi nakaa Ziwa la Ng'ombe, bara ya kaskazini ya Mombasa, ambako masika yakishika maji husimama uani na mbu huimba usiku kucha. Kwa hiyo niliitazama filamu hii kwa jicho la watu wa Dombes kuliko la watu wa Versailles. Wakati ule ilidhaniwa kwamba homa huletwa na hewa mbaya. Haikuwa mpaka 1897 Ronald Ross alipokiona kimelea cha malaria ndani ya mbu, huko India. Ponceludon hakuijua sababu, lakini mifereji yake ingalifaa. Hapo ndipo penye uchungu: mtu ana jawabu mkononi, na analazimika kwanza kujifunza kuchekesha.

Naye anajifunza, tena upesi mno, hata mtazamaji anaanza kumwogopea. Padre Vilecourt anatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Anathibitisha mbele ya mfalme kwamba Mungu yuko, kwa ufasaha wa ajabu. Kisha, akiwa amelewa sifa, anajigamba kwamba mfalme akipenda angeweza kuthibitisha kinyume chake. Papo hapo anaanguka. Lakini mimi napenda zaidi pale Abbé de l'Épée, mwalimu wa viziwi aliyeishi kweli katika Paris, anapowaleta wanafunzi wake mbele ya wakuu. Wakuu wanawacheka. Kisha wanaonyeshwa kwamba viziwi nao wana mizaha yao, isemwayo kwa mikono, na dharau inageuka mshangao.

Filamu ina kasoro, nayo si ndogo. Mwanafunzi akiitegemea peke yake atadhani kila sebule ya Ufaransa ilikuwa machinjio. Katika Paris Madame Geoffrin, aliyefariki 1777, aliwaalika wachoraji siku ya Jumatatu na waandishi siku ya Jumatano, na kwa mali yake akaisaidia Encyclopédie ya Diderot. Sebule hiyo ililea elimu. Leconte ametupa upande wa makali, akaficha mpini.

Sisi wa Mombasa ulimi mkali hatukuuona kwanza katika sinema. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika siku za uadui wa miji hii miwili, wala hakuwa na huruma. Lakini mpinzani wake alikuwa na nafasi ya kujibu, kwa vina na mizani ile ile, na nyuma ya maneno palikuwa na jambo la mji mzima. Katika Versailles ya filamu hii neno halina jambo nje ya chumba lilimosemwa.

Ponceludon mwishowe anauacha mchezo. Katika dansi ya barakoa anategwa mguu, anaanguka, anachekwa. Anaivua barakoa, anawaambia kwamba wakati wao wanacheka kuna watoto wanakufa. Ni maneno makavu, hayana kijembe, nayo kwangu ndiyo bora katika filamu nzima. Baadaye tunampata Bellegarde uhamishoni Uingereza, mwaka 1794, baada ya Mapinduzi, na maandishi yanatuarifu kwamba Ponceludon ameshika kazi ya kuyakausha maji ya Dombes. Maandishi tu! Baada ya sebule zote zile, ningalipenda kuona jembe moja likichimba mfereji.