Kitabu kilichovipa vitu majina

Wanafunzi wetu wa sekondari hujifunza majina ya kemia kama mgonjwa anavyomeza dawa chungu: upesi, bila kutafuna. Wanakariri -ure, -ite, -ate, na siku ya mtihani wanayachanganya yote. Yafaa basi tuangalie kitabu ambamo majina hayo yalizaliwa. Kilitolewa Paris mwaka 1787, nacho chaitwa Méthode de nomenclature chimique. Waliokiandika ni wanne: Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy.

Zamani zile vitu vilikuwa na majina ya kubahatisha. Chumvi moja ya risasi iliitwa sukari ya Saturni, kwa kuwa ni tamu ulimini. Kumbe ni sumu. Asidi kali kabisa iliitwa mafuta ya vitrioli, wala si mafuta hata kidogo. Wanne hao walitaka jina liseme kitu kimefanywa na nini. Kwa kanuni yao ile sukari leo ni «acétate de plomb», na asikiaye «plomb» anajua kwamba risasi imo ndani. Kwa sababu hiyo tu, kitabu hiki chastahili heshima.

Na ile miisho ya maneno? Haikutupwa ovyo. Kiberiti kikiungana na shaba peke yake, ni «sulfure de cuivre», jiwe kama lile lililokuwa likichimbwa Kipushi, lisiloyeyuka majini. Oksijeni ikiingia, tunapata «sulfite», ikizidi, «sulfate». «Sulfate de cuivre» ni ile chumvi ya buluu iyeyukayo majini mara moja. Sauti chache zimebadilika mwishoni mwa neno, na kitu ni kingine kabisa. Mwalimu anayeandika miisho ubaoni bila kusema habari hii ya oksijeni amewapa watoto ganda, kiini amebaki nacho mwenyewe.

Lakini tusikisifu kitabu kupita kiasi. Jina «oxygène» maana yake ni mzaa-asidi, kwani Lavoisier alidhani hakuna asidi bila hiyo. Mwaka 1810 Davy, Mwingereza, alionyesha kwamba klorini ni kitu cha asili, hakina oksijeni ndani. Basi asidi ya chumvi ni hidrojeni na klorini tu. Kosa lilijulikana, jina likabaki.

Tena wanne hao hawakuhesabu. Hesabu ya atomi ilikuja baadaye, kwa Dalton, na kumbe ina uzito wake. Makala yakiwaka katika mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, hutoka «monoxyde de carbone», hewa isiyo na harufu, iuayo watu usingizini. «Dioxyde de carbone» ndiyo tunayoitoa puani kila tunapopumua. Tofauti ni oksijeni moja, nayo imo katika «mono» na «di», silabi ambazo mtoto huziruka asomapo.

Neno baya kuliko yote ni «azote», yaani bila uhai. Maharagwe, nyama, damu yetu, vyote vina azoti! Kitabu cha shule huandika «azote», kisha alama N, na mtoto anauliza hiyo N imetoka wapi. Mwalimu amjibu: kwa Chaptal, Mfaransa, aliyependekeza jina «nitrogène» mwaka 1790. Waingereza walilipokea, Wafaransa wenzake walibaki na la zamani.