«Njia ya Hariri»: jina linatudanganya

Wandugu, hili jina «Njia ya Hariri» linanichokesha. Tunalitia katika kila TFC juu ya China, kana kwamba wafanyabiashara wa zamani ndio walilitunga. Hapana: lilienezwa mwaka 1877 na Mjerumani Richthofen, mwanajiolojia aliyepima makaa ya mawe ya China na kuchora njia ya reli mpaka Ulaya. Hariri ilipita mikono mingi, soko kwa soko. Bomba la gazi la Turkmenistan, lililofunguliwa 2009, haiko vile: linavuka Uzbekistan na Kazakhstan, na kule mwisho kuko mununuzi mumoja tu, China. Muuzaji wa namna hiyo atabishana bei na nguvu gani? Bomba tuliite bomba.